Kilele cha Asetoni na Ugonjwa wa Babu Yako

Mbinga, Jumatatu alasiri

Mwanangu Gaudensia,

Mambo ya soksi, ya pasi ya kusafiria na ya kutokula vitu vya watu usiowajua ndani ya basi, baba yako ameshayasema mara nne tangu asubuhi, na kesho atayasema tena. Mimi sina la kuongeza huko. Umekwenda kusukwa nywele kwa akina Kandida, nyumba imetulia, na nina kama saa tatu hivi kabla hujarudi. Nitazitumia kukuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo miaka mingi iliyopita. Sikukuambia kwa sababu mama yako ni mwoga. Nimelitaja neno hilo mapema ili usipate taabu ya kulitafuta huko mbele.

Jana kwenye ukumbi wa parokia ulilia kwa furaha, nikakuona. Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya kwenye dari ili nisicheke. Mheshimiwa kutoka wilayani alipewa karatasi yenye jina la masomo yako, akaliangalia kama mtu aliyepewa mfupa wa samaki, kisha akatangaza kwamba "binti yetu anakwenda Ulaya kusomea sumaku." Watu wakapiga makofi. Nadhani wengine wanaamini utarudi hapa kuokota misumari iliyopotea. Hakuuliza hata mtu mmoja sumaku hiyo inafanya nini. Mjomba wako Oswini akasimama na miwani yake ya jua ndani ya nyumba, yeye ambaye tangu soko la kahawa lilipofunguliwa anazunguka Mkumbi na Mpepai kununua kahawa za wajane zikiwa bado mtini, akakuusia mbele ya wote: "Mpwa wangu, ukirudi usitusahau. Gari, hata kama dogo." Huo ndio ulikuwa wosia wa ukoo kwa mtu anayekwenda kutafuta jinsi protini inavyojikunja.

Ningeweza kuendelea kuwadharau mpaka karatasi iishe. Unajua ninavyoweza. Wanafunzi wangu hawakuniita Mama Tindikali bure. Lakini baada ya Oswini, Mheshimiwa alinigeukia mimi.

"Na huyu mama," akasema, "msimwone hivi. Yeye mwenyewe alikuwa Ulaya, kwenye masomo hayo hayo ya juu. Akaacha yote, akarudi kumuuguza baba yake mzazi. Leo ni wangapi wangefanya hivyo?"

Vigelegele. Wakanivika khanga. Wakanipa kipaza sauti, na mimi nikasema "Asanteni sana," nikaketi. Hapo ndipo ulipolia wewe. Katika ukumbi mzima hakukuwa na mtu wa kudharauliwa kuliko yule aliyevikwa khanga.

Gaudensia, babu yako hakuwa mgonjwa.

Sasa nikueleze.

Mimi sikuomba nafasi kama ulivyoomba wewe. Wewe ulikaa maktaba na majarida yenye vumbi, ukaandika barua kwa watafiti watatu, wawili wakajibu, mmoja akakuuliza maswali ya maana, ukamjibu kwa maana. Ulikwepa hata ile ofisi ya Songea yenye kapeti, inayowauzia wazazi ndoto za vyuo ambavyo vijana wao hawatafika. Njia yako ilikuwa safi. Mimi enzi zangu jina lilitoka kwenye orodha ya serikali, nikapewa koti, nikapandishwa ndege. Msichana wa kwanza kutoka milima hii kwenda kusomea kemia ya viumbe hai kwa mashine za sumaku. Walinirudia neno hilo, "wa kwanza," mpaka likaniingia mwilini kama homa.

Mashine ya siku zile ilijaza chumba. Huna haja ya mimi kukueleza inavyofanya kazi, ila ujue kwamba yetu ilichora vilele vyake, kila kitu na kilele chake mahali pake, kwa kalamu, kwenye karatasi ndefu, polepole, huku umesimama unasubiri. Nilipewa protini ya ute wa yai, ya kupima ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Nilitakiwa kuona nini kinabadilika ndani yake inapokamatana na sukari fulani. Kazi ya mwanzo, ya kujifunzia. Profesa aliniambia wazi kwamba mwaka wa kwanza hategemei jipya kutoka kwangu. Nilichukia kusikia hivyo.

Pale maabara palikuwa na fundi wa mashine, Bwana Harold. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye makovu mikononi, ambaye hakusoma zaidi ya shule ya kawaida. Alikula mkate na kitunguu kibichi saa nne kamili kila siku. Mimi, niliyelelewa kumwamkia kila mtu mzima hadi mlevi wa njiani, sikuwa namsalimia Bwana Harold. Nilipita. Niliona wenzangu Wazungu wanamwita kwa jina bila adabu, nikadhani huo ndio usomi. Kumbe wao walikuwa marafiki zake. Asiye na adabu nilikuwa mimi peke yangu.

Mwezi wa tano hivi, karatasi yangu ikatoa kilele ambacho hakikuwa kwenye picha za watu wengine. Vilele vya protini, wewe unajua, ni kama milima yetu ukiitazama jua likizama, vimelaliana, vipana. Hiki kilikuwa chembamba, kirefu, kimesimama peke yake kama sindano. Niliipeleka karatasi ile dirishani kwenye mwanga. Nilishaanza kutunga kichwa cha makala.

Bwana Harold alikuja kujaza nitrojeni ya kupoozea sumaku, akaangalia juu ya bega langu.

"Binti, mrija huu uliusuuza na nini?"

"Asetoni. Kama kila mtu."

"Ukaukausha muda gani?"

"Muda wa kutosha."

"Basi hiyo ni asetoni," akasema. "Hukaa hapo hapo siku zote. Naijua kama ninavyomjua mke wangu."

Nikamgeukia. Nakumbuka nilivyonyoosha shingo. "Bwana Harold, kazi yako ni kujaza nitrojeni. Vilele niachie mimi."

"Haya," akasema. Akajaza, akaondoka.

Wiki hiyo nilisimama mbele ya kikundi chetu kizima nikaeleza ugunduzi wangu kwa nusu saa. Nilichora ubaoni. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Rudia."

Nikachukua mrija mpya, nikaukausha kwenye joko kutwa nzima. Nikarudia. Kilele hakikuwepo.

Hapa nataka usome polepole. Mpaka dakika ile nilikuwa mtu aliyekosea, na kukosea si kitu. Ningekwenda kwa Profesa, ningecheka, yeye angecheka, ningemwomba radhi Bwana Harold, na leo pengine ungekuwa unakwenda kwenye chuo ambacho mama yako alifundisha. Badala yake nilichukua waya mwembamba, nikachovya ncha yake kwenye chupa ya asetoni, nikaugusisha ndani ya mrija. Kilele kikarudi. Nikafanya hivyo mara tatu, kwa siku tatu, na nilijitahidi vilele vilingane urefu. Huo ndio ustadi pekee nilioujifunza Ulaya.

Siku ya tatu, nikiwa kwenye sinki na ule waya, niliinua macho nikamwona Bwana Harold amesimama mlangoni. Kesho yake asubuhi nilikuta mezani kwangu mrija mpya umefungwa kwenye karatasi safi, na juu yake ameandika kwa penseli: "Kavu." Alikuwa ananifungulia mlango, Gaudensia, kimya kimya, bila kuniaibisha. Niliutupa kwenye pipa la taka.

Profesa alipoona matokeo yangu matatu yanalingana mno, alimwomba Bwana Harold apime mwenyewe, kwa mrija wake. Saa nane mchana nikaitwa ofisini. Karatasi nne zilikuwa mezani, tatu zenye sindano na moja haina.

Hakupandisha sauti. "Sihitaji kujua kwa nini," akasema. "Chukua daftari lako, andika ulichofanya. Chote. Weka tarehe. Kesho tunaanza upya."

Umesikia? Alisema tunaanza upya. Sikufukuzwa. Hakuna mtu aliyewahi kunifukuza. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika mistari minne ya ukweli kwenye daftari ambalo lingesomwa na mtu mmoja.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nimepata telegramu. Baba yangu ni mgonjwa sana."

Sikuwa nimelipanga neno hilo. Lilitoka lenyewe. Na nilipoona uso wa Profesa unavyobadilika, jinsi alivyosimama akazunguka meza na kunishika bega, nilijua kwamba nimepata pa kutokea. Kwa siku kumi watu wale walinihurumia. Waliniletea keki. Mke wa Profesa alinifumia sweta la baba yangu, babu yako, asiyejua lolote, aliyekuwa huku Mkumbi akilima mashimo yake ya ngolo mteremkoni.

Bwana Harold ndiye aliyenibebea sanduku mpaka kituo cha treni. Hakuwa mjinga kama wengine; alijua hakuna telegramu. Tuliposimama pale baridini akaniambia, bila mimi kumwuliza, "Mwaka wangu wa kwanza hapa niliharibu sumaku. Kazi ya watu sita ikasimama mwezi mzima."

"Ukafanya nini?" nikauliza. Lilikuwa swali la kwanza la kweli nililowahi kumwuliza.

"Nilirudi Jumatatu," akasema.

Treni ikaja, nikapanda.

Nilifika Mbinga juu ya lori la mahindi na kutembea mpaka Mkumbi. Njiani kila aliyeniuliza kwa nini nimerudi nilimwambia baba ni mgonjwa. Nilimwambia dereva, nikamwambia katibu tarafa, nikamwambia katekista. Nikamkuta mgonjwa mwenyewe shambani, kifua wazi, anafukia majani kwenye ngolo, jasho linamtiririka, anaimba besi ya wimbo wa Jumapili. Maana babu yako alikuwa besi wa kwaya, hilo hukulijua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akaniangalia, akaangalia sanduku. "Umekuja kumzika nani?"

Nilimwambia yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alisikiliza ameegemea jembe, na nilipomaliza aliuliza swali moja: "Hiyo dawa ya kusuuzia, ina harufu?"

"Inayo."

"Basi yule mwenzako aliinusa." Akapangusa jasho. "Na huko njiani umeshawaambia watu kwamba mimi naumwa?"

"Nimewaambia watu watatu."

"Wametosha." Akachukua jembe, akaliweka begani. "Twende nyumbani nikalale."

Akaenda akalala. Siku tisa, Gaudensia. Alichagua kifua, kwa sababu alisema kukohoa ni rahisi kuliko kutapika. Majirani walileta uji, walileta kuku, waliacha mashamba yao wakapalilia lake. Kila walipoingia alikohoa. Mtu aliyekuwa anaungama hata kwa kumkasirikia mbuzi. Na kwa kuwa hakuweza kuungama uongo ule bila kunitaja mimi, hakupokea komunyo mpaka Pasaka. Alikaa benchi la nyuma wengine wakipanga mstari. Watu wakasema ugonjwa umemdhoofisha. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, nimevaa koti la Ulaya, na watu walikuwa wananionyesha watoto wao kwamba huyu ndiye aliyeacha yote.

Unadhani nilijuta? Nilianza kuamini. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nasimulia kuugua kwa baba yangu kwa machozi halisi.

Baada ya miaka miwili hivi akaugua kweli. Homa za jioni, kukonda, maumivu ubavu wa kulia, na kikohozi kikavu. Zahanati ya huko kwetu ilikuwa imeletewa tabibu kijana, Mnyasa wa Mbaha kule ziwani, mtu wa maneno machache. Akauliza kama mzee alishawahi kuugua. Nyumba nzima ikajibu kwa pamoja: alishaugua kifua, miaka miwili iliyopita, nusura afe, mpaka binti yake akarudi kutoka Ulaya. Tabibu akaandika. Mtu mwenye kikohozi, aliyekonda, mwenye historia ya kifua, angefikiria nini? Na mimi nilikuwa pale. Nilishika beseni. Nilikuwa na shahada ya kemia na nilijua kuliko wote mle ndani kwamba kipimo kibovu kikishaandikwa, kila kinachofuata kinapotea. Nikashika beseni langu vizuri.

Alianzishiwa sindano za kifua kikuu. Kila asubuhi, wiki baada ya wiki. Wiki ya nne akaanza kusema masikio yake yana nyenje. Wiki ya sita nilikuwa namwita mara mbili. Homa iko pale pale. Siku moja kwaya ilikuja kumwimbia uani, yeye akiwa amekaa kwenye kiti, na niliona anaangalia midomo yao, anapapasa besi yake, anaingia mahali pasipo pake, na wao wanaendelea kuimba kwa heshima kana kwamba hawakusikia.

Siku hiyo ndiyo nilikwenda zahanati. Nilimkuta tabibu anaandika daftari la wagonjwa.

"Baba yangu hajawahi kuugua kifua," nikamwambia.

"Mliniambia wote."

"Walisema wanachokiamini. Mimi ndiye niliyewadanganya." Nikamweleza.

Aliweka kalamu chini. Alikuwa na hasira, na haki yake. "Wiki saba," akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Na yeye je? Aibu yako ndiyo ninayomdunga kila asubuhi?"

Alisimamisha sindano siku ile ile, akamsindikiza mwenyewe mpaka hospitali ya misheni. Lilikuwa jipu kwenye ini. Walilitoa usaha, wakampa dawa nyingine, na baada ya majuma matatu akarudi nyumbani anakula ugali kama zamani. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Lakini masikio yaliyoliwa na sindano hayakurudi.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapanda mapajani kwake na kupiga kelele ndani ya sikio lake, na yeye anacheka kwa sababu alihisi pumzi yako tu. Ukaniuliza kwa nini Babu hasikii, nikasema uzee. Hakuwa mzee. Na yeye hakunitaja hata mara moja, kwa mtu yeyote, mpaka tulipomzika. Kwaya ilipoimba juu ya kaburi lake nilitamani mtu mmoja anitukane. Wote walinipa pole, kama mtoto aliyemtunza baba yake.

Tabibu yule umeshamjua. Ndiye huyo anayekuhimiza soksi. Nimemwuliza mara nyingi kwa nini alinioa, anasema ni kwa sababu mwishowe nilisema. Simwamini sana. Nadhani alimpenda mzee, akaona ampe mtu wa kumwangalia binti yake.

Nimefundisha kemia hapa miaka yote hii kwa hasira. Niliwadharau wakuu wa shule waliokuwa wanauza chaki. Niliwadharau wazazi waliowatoa mabinti shule. Siku hizi ambapo kila kitu ni ruksa, nawadharau hata watu wa mitumba, wanaoagiza marobota ya makoti ya marehemu wa Ulaya. Lile la kwako nililinunua kwao baada ya kubishana nusu saa, na ni koti zuri, linarudi kwao Ulaya. Ulikua ukiiona dharau yangu, ukidhani ni akili. Uliwahi hata kuniiga, ukiwa kidato cha tatu, ukamwita mpishi wa shule mjinga kwa sauti yangu hasa. Nilikuchapa siku hiyo mpaka baba yako akanishika mkono, na hukuelewa kwa nini. Nilikuwa nimemsikia msichana fulani akimwambia Bwana Harold habari za nitrojeni.

Mwezi uliopita tulipokwenda Mbaha kumuaga bibi yako, tulikaa ufukweni karibu na vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa, na wewe ukanisomea maombi uliyoyatuma. Ulikuwa na aya nzima juu ya mwitiko wa sumaku, neno ulilolitunga wewe, nami nikalipenda. Uliandika vizuri jinsi protini inavyoweza kusikilizwa bila kuvunjwa. Halafu ukafika kwenye aya ya mwisho: "Mama yangu aliacha utafiti wake katika fani hii ili kuokoa maisha ya baba yake. Natamani kuendeleza alipoishia."

Ukanyanyua macho. "Vipi, Mama? Nimezidisha?"

"Hapana," nikasema. "Sentensi nzuri."

Hivyo ndivyo nilivyokuingiza na wewe kwenye uongo wangu. Mara ya kwanza nilimtumia baba yangu, mara ya pili nimemtumia mwanangu, na jana nilipewa kipaza sauti kabisa, ukumbi mzima umenyamaza, nikasema asanteni. Ndiyo maana nakuambia kwamba Oswini na gari lake, na Mheshimiwa na sumaku yake, wanaweza kulala usingizi mwema. Hawanifikii.

Unataka kuendeleza nilipoishia. Niliishia kwenye ofisi ile, na daftari limefunguliwa mezani, na kalamu. Hapo unaweza kuanzia ukitaka. Utakosea tu, mwanangu. Utachafua mirija, utaona vilele visivyokuwepo, utasimama ubaoni na kitu cha kuchekesha. Atakayekuonyesha huenda akawa mfagiaji. Nadhani wewe utamsalimia. Una tabia za baba yako kuliko zangu, na nashukuru.

Nafasi yako umeipata kwa kazi yako mwenyewe. Nimezisoma barua za huyo mtafiti, na hakuna mahali ameuliza habari zangu. Hata hivyo sentensi ile iko kwenye faili lake, na ni ya uongo, na niliiacha ipite. Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa mmoja nilioandika kwa Kiingereza changu cha zamani, unamweleza kwamba hukujua. Sijaufunga. Umpe au uchane, ni juu yako. Pengine atacheka na kusema haina haja. Watu wazuri husema hivyo. Mimi nimeshaponzwa na watu wazuri kiasi cha kutosha.

Jumapili nitasimama kwenye ukumbi ule ule baada ya misa, niyaseme haya yote. Nimeshamwambia Padre. Aliniuliza kama nimefikiria jina la familia, nikamwambia ndilo nililofikiria miaka ishirini na zaidi. Baba yako atakuwa pembeni yangu. Oswini nadhani atakasirika zaidi ya wote, kwa kuwa ameshaisimulia ile hadithi ya kumuuguza baba kwa wanunuzi wake wa kahawa kama sifa ya ukoo. Na akasirike.

Lakini sikutaka ulisikie ukiwa huko, kwa barua ya mtu mwingine, wala sikutaka kuificha karatasi hii chini ya nguo zako ili uikute nikiwa mbali na macho yako. Hiyo ingekuwa treni nyingine. Kesho asubuhi stendi, sanduku likishapandishwa, nitakupa mkononi. Basi la Songea haliondoki mpaka lijae, unajua. Utaisoma umesimama pale, na mimi nitakuwa mbele yako. Ukimaliza, kama una swali, niulize kwa sauti ya kawaida, hata kama Oswini yuko karibu, hata kama abiria wanasikiliza. Nitakujibu.

Mama yako,
Edeltruda